Ndege Yenye Rangi ya Arus

Ngozi ya ng'ombe iliyolaliwa miaka mingi haiachi harufu yake, hata ukichukua nywele chache tu ukazifungia ndani ya kiberiti. Nalijua hilo kwa sababu karibu likizo nzima ya Agosti, mwaka niliokuwa darasa la saba, nilifungua kiberiti cha namna hiyo mara kumi kwa siku, na kila mara harufu ya moshi na ya ng'ombe aliyekufa kabla sijazaliwa ilinipanda puani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nyumbani kwetu Kimulot, baridi ikiteremka kutoka msitu wa Mau. Kila alasiri mvua ya mawe ilipiga mabati na kuchanachana majani chai yetu, na upepo ulileta kutoka kiwandani harufu ya majani yanayokaushwa. Wenzangu walikuwa wakichuma chai na kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Mimi nilikuwa nikigombana na babu yangu kuhusu rangi ya ndege ya vita.

Kugo, ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita babu, alikwenda vitani Burma akiwa kijana, akarudi na koti moja, kikohozi, na hadithi ambayo hakuichoka. Alikuwa amejichimbia shimo na wenzake kando ya mto, na kila asubuhi ndege ya kivita ya injini moja ilikuja kuwafukuzia ndege za adui. Rubani alikuwa yuleyule. Walimjua kwa sababu kabla ya kuondoka alitikisa mabawa, kushoto, kulia, kama mtu anayeaga. Siku moja alizifukuza ndege mbili za adui hadi nyuma ya mlima, na hakurudi tena. "Jina lake sijui," Kugo alizoea kusema. "Mimi najua ndege yake tu." Sasa macho yake yalikuwa yanafunga. Daktari wa hospitali ya Longisa alisema ni presha ya macho, kwamba matone yangechelewesha tu, na kilichopotea hakirudi. Basi mzee akaniita, maana nilisifika kwa mikono, akaniagiza nimtengenezee ndege ile, aione mara moja kabla giza halijaingia. Ile ile, si nyingine.

Nami nilikuwa mtoto wa kuchukua maneno kama yalivyo. Ile ile maana yake ile ile! Mama alipokwenda Kericho nilimng'ang'ania hadi akaniacha maktaba, na huko nikapata kitabu kimoja cha ndege za vita, chenye vipimo na picha moja ya rangi iliyochorwa kutoka juu. Nilikuwa nimepaka karatasi ya daftari mafuta ya kupikia ili ionyeshe, kama tulivyofanya shuleni tukinakili ramani. Mwenye maktaba alipoona mafuta yale yakikaribia kitabu chake alipiga kelele utadhani nimemwaga petroli. Nikanakili kwa macho, nikiwa nimekunja mikono kama mwizi. Nilikata shauri kwamba kila futi sita za ndege ziwe inchi moja, na mabawa ya futi arobaini yakawa inchi sita na theluthi mbili. Theluthi! Nani amewahi kuona theluthi kwenye rula? Nililia kwa hasira juu ya theluthi mbili za inchi. Mwili niliuchonga kwa mbao, mabawa nikayakata kwa wembe kutoka kwenye sanduku kuukuu la majani chai, na kila kipande nilikipima mara tatu.

Ndipo tukafika kwenye rangi. Kitabu kilisema kijani na kahawia, mabaka mabaka. Kugo aliisogeza ndege puani, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango, akanirudishia. "Hapana hii," alisema kwa kile Kiswahili chake cha jeshini. "Yeye alikuwa rangi ya Arus." Arus ni nani? Arus alikuwa ng'ombe wake. Mzee yule alijua rangi za ng'ombe zisizo na majina katika lugha nyingine yoyote, na rangi zote za dunia alizipima kwa zizi lake: anga lilikuwa ng'ombe huyu, udongo yule, na koti la mwalimu mkuu ndama wa fulani. Nikamwambia kitabu kinasema kijani na kahawia. Akasema, "Wewe nasema kitabu. Mimi naona na macho." Macho yenyewe, wakati huo, yalikuwa yakikosa kikombe mezani.

Nilitaka ushahidi. Ngozi ya Arus alipewa shangazi yangu, binti yake Kugo, alipoolewa Longisa, na mzee aliporudi huko kuangaliwa macho niliambatana naye. Shangazi alipoona nimeshika makasi juu ya ngozi anayolalia alishika kiuno. "Ati nini? Ngozi yangu ukate, utengenezee ndege? Wewe uko na akili kweli?" Nikamweleza. Akanitazama, akamtazama babaye aliyekuwa akipapasa kiti kabla ya kukalia, akachukua makasi mwenyewe na kunikatia nywele kidogo kutoka pembeni. Nilizishika mwangani: kijivu chenye ubuluu ndani yake, kama moshi wa kuni mbichi. Katika picha ya kitabu hapakuwa na hata nukta ya rangi hiyo.

Wiki tatu zikaishia hapo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu. Basi nyumbani kwetu hapakuwa na mshindani hata mmoja. Nilipaka kijani iliyofifia, akasema hapana. Nikaikwangua, nikapaka iliyokolea, akasema hapana. Nikamwambia mama kwamba mzee amesahau, vita vilikwisha zamani sana, amechanganya ndege na ng'ombe. Mama akaniuliza, "Sasa si umpakie tu hiyo anataka?" Nikamjibu kwa jeuri kwamba hiyo itakuwa uongo. Na mzee naye, angalau siku moja kwa ajili ya amani, si angesema tu "sawa"? Wapi! Kila asubuhi alisogeza ndege karibu zaidi na uso wake, na kila asubuhi akakataa. Niliona umbali ule ukipungua, hadi ikawa inagusa kope, na bado nilibishana. Hilo linanichoma mpaka leo.

Siku moja niliitundika ndege kwa uzi darini ikauke mbali na kuku, mama akanituma viazi, ambavyo tulivihifadhi chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; nami niliinama, nikalala kabisa chali, mikono mvunguni na kichwa nje, nikivuta gunia, nikatazama juu. Ndege ilikuwa inaning'inia juu yangu. Sikuona kijani wala kahawia. Niliona tumbo tupu la mbao, ambalo sikujisumbua kulipaka kwa sababu kitabu hakikulionyesha.

Nilikimbilia kwa Kugo na vumbi la viazi kichwani. "Kugo, ulishawahi kuiona imesimama chini?"

"Chini wapi? Mimi iko ndani ya shimo. Yeye iko juu."

"Na mbona hukuniambia?"

"Wewe naniuliza?"

Jamani! Nilitamani kupiga mtu. Nilichanganya rangi nyeupe iliyobaki kanisani na masizi ya sufuria na buluu ya kufulia, tone kwa tone, kiberiti kikiwa wazi pembeni, mpaka nywele za Arus zikapotea nikiziweka juu ya rangi. Kwa baridi ile ilichukua siku tano kukauka. Siku ya sita, alfajiri, niliitundika juu ya kitanda chake, na baada ya chai akalala chali, akaitazama. Kisha akaiamkia kama anavyomwamkia mtu njiani: "Chamgei." Akanigeukia. "Ndiyo hii. Hii ndiyo yeye." Nilitoka nje nikaruka ruka kwenye matope, nikajisifu kwa kila mtu hadi shule ikafunguliwa. Nilikuwa nimewahi kabla giza halijaingia.

Siku hizi majibu hayana jasho. Mwaka jana nilikuwa Kimulot kwa mama, ndege ile bado iko darini kwake, imeliwa na mchwa bawa moja, nikatoa simu kwa kujipumbaza tu, na kabla chai haijapoa nilikuwa na picha za tumbo la ndege za aina ile, za Burma kabisa. Kijivu chenye ubuluu. Nikampelekea mama simu, nikisema tazama, mzee alikuwa sahihi, na mimi nilipatia. Mama aliangalia, akanirudishia, akasema, "Maskini. Wakati ule alikuwa haoni hata mlango. Asubuhi hiyo aliniuliza umeitundika upande gani, ndiyo aangalie huko."

Nilimuuliza mbona hakuniambia miaka yote hiyo. Akasema mzee alimkataza.

Alipokuwa na macho alikataa kazi yangu wiki baada ya wiki, hakunipa hata "sawa" moja ya bure. Alipoikubali, hakuwa anaiona. Hapo ndipo aliponishinda kabisa mzee yule, na hayupo nimgombeze.