Kikombe cha Pembe Kilichomruka Mzee Eligio

Shangazi yangu Wilfrida ni nesi wa zahanati yetu, na hanyamazi. Ukimpelekea kidole kilichokatwa na kisu, utarudi na bandeji pamoja na hotuba. Kitu kimoja tu kinamfunga mdomo siku hizi: mtu akikohoa kikohozi kikavu.

Kwetu Paraguay, Jumamosi jua likianza kuuma, majirani hukaa duara uani kwake kunywa tereré: majani ya yerba kwenye kikombe cha pembe ya ng'ombe, maji ya barafu, na mrija mmoja wa chuma kwa midomo yote. Shangazi ndiye anayemimina. Unafyonza mpaka mrija ulie, unamrudishia, anammiminia anayefuata. Ukisema "asante", umetosheka, hupewi tena.

Mzee Eligio, anayeshona matandiko ya farasi, alikuwa na kiti chake karibu na kisima. Mwaka huu presha ilimpanda, daktari anayetoka mjini akamwandikia vidonge vya enalapril. Shangazi alimpa kwenye dirisha la dawa pale zahanati, nami nilikuwepo nimempelekea Shangazi muhogo wake wa mchana.

"Kimoja kila asubuhi, chumvi upunguze. Haya, nani anafuata?"

Foleni ilikuwa imefika barabarani.

Wiki chache baadaye Mzee akaanza kukohoa kikohozi kikavu, kama mtu aliyepaliwa na unga.

"Eligio, utatuamshia wafu!" alisema Librada, jirani yetu, tukiwa kwenye duara. "Kifua kikuu umepima?"

"Nimepima. Hawakuona kitu."

"Mh! Vipimo navyo vina siku zake."

Watu wakacheka, halafu wakautazama mrija. Halafu wakamtazama Shangazi, maana yeye ndiye nesi.

Jumamosi iliyofuata, zamu ya Mzee ilipofika, Shangazi alimpa kikombe Librada. Nilidhani kasahau. Mzunguko wa pili, vilevile. Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaupeleka kichwani, akajifanya anajikuna. Tangu hapo, kabla zamu haijamfikia, anawahi yeye: "Asante, mimi nimetosheka." Na hajaonja hata tone!

Kisha siku moja akaja nyumbani, kofia mkononi.

"Wilfrida mwanangu, nina swali la kijinga. Mvua ilipokata barabara, vidonge viliniishia, na kikohozi kikaniacha. Nimepata vipya, kimerudi. Au navimeza vibaya?"

Shangazi akakaa chini.

"Hukosei wewe, Mzee. Vidonge hivyo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Si ugonjwa, hakimwambukizi mtu. Usiache dawa mwenyewe, presha itapanda. Daktari atakubadilishia."

"Kwa hiyo siambukizi?"

"Huambukizi."

Mzee akaigeuzageuza kofia.

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nilipaswa kukuambia siku ile dirishani."

Akavaa kofia, akaondoka bila kuaga.

Mimi siwezi kuacha swali likae tumboni, nikamuuliza, "Shangazi, ulisahau?"

"Dirishani nilikuwa na haraka. Lakini hapa uani..." Alijifunika uso kwa aproni. "Vipimo vyake nilivisoma mwenyewe, vilikuwa safi. Sikuogopa kikohozi. Niliogopa mdomo wa Librada."

Daktari alibadilisha vidonge, na baada ya majuma kadhaa kikohozi kikafa. Jumamosi iliyofuata Shangazi alisimama na jagi lake, akawaeleza wote, hakujificha nyuma ya foleni wala ya daktari.

"Basi dada, yameisha," alisema Librada, macho chini. "Mimina, barafu inayeyuka."

"Hayajaisha."

Akamnyooshea Mzee Eligio kikombe, wa kwanza kabisa. Lakini Mzee alishatoa mfukoni kikombe kingine cha pembe, kidogo, amekishonea ngozi kwa mkono wake mwenyewe, na mrija wake ndani.

"Nimeshazoea changu," alisema, taratibu, bila hasira. Afadhali angefoka.

"Basi nikumiminie humo?"

Alifikiri. Akakisogeza. Shangazi akamimina, maji mengine yakamwagikia viatu vyake, na sote tukamsikiliza Mzee akifyonza mpaka mrija ukalia.

"Asante," akasema.

Shangazi hakuthubutu kumwongeza. Akamgeukia Librada, na mzunguko ukaendelea.