Hatua ya Nne

Tulimwita Mama Mapokezi hata baada ya yeye kuhamia chumba chetu cha kompyuta, na hilo pekee linaonyesha tulivyokuwa watu wa ovyo. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la hospitali akiandikisha wagonjwa. Akajifunza kompyuta mwenyewe, akaomba nafasi kwetu, akapewa wiki moja ya majaribio. Kazi yenyewe: asimike tovuti ya miadi ya wagonjwa kwenye kompyuta yake mpaka ifunguke, nakala ya kufanyia kazi ambayo mgonjwa haioni. Ijumaa ikifika haijafunguka, arudi dirishani.

Maelezo aliyaandika mkuu wetu, hatua tisa. Mama akayafuata akitia tiki moja moja kwenye daftari. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, sawa. Ya nne, kioo kikajaa maandishi mekundu ya makosa.

"Mwanangu, hebu nitazamie," aliniambia Jumanne.

"Mbona kwangu inafunguka, mama?" nikamjibu bila hata kugeuka.

Wenzangu nao wakasema vivyo hivyo. Kwetu inafunguka! Utadhani hilo ni jibu. Alifuta kila kitu na kuanza upya mara sita. Alhamisi hakula mchana. Iliniuma, lakini sikuinuka, na mpaka leo naona aibu.

Ijumaa asubuhi alimwendea mkuu. "Njoo ukae kwangu. Usinisaidie. Fuata tu ulichoandika, mimi nitazame."

Mkuu akaketi akicheka. Hatua tatu akazipita mbio. Ya nne, nyekundu tupu. Akarudia, akajikuna kichwa, kicheko kikamkauka. Kumbe kulikuwa na faili dogo la nywila alilolitengeneza zamani, akatugawia sisi mkononi, kisha akasahau kulitaja kwenye maelezo. Akampa. Mama akaandika amri ile ile ya mara sita, na ukurasa wa miadi ukafunguka, bila jina la mgonjwa hata mmoja.

"Kiti ni chako," mkuu akasema. "Na haya maelezo uyaandike upya wewe."

Hakushangilia. Alifungua daftari, nami nikaona alichoandika Jumanne kando ya hatua ya nne: "Hapa nimeshindwa. Labda ni umri." Akakikata kwa mstari mmoja, taratibu, akaandika: "Omba faili la nywila." Kisha akanigeukia.

"Wewe mwanangu, ulipewa lini?"

"Siku ya kwanza, mama."