Nilikalia Sanduku la Mtihani

Bwana Mhariri, kosa ni langu, na simsingizii shetani. Siku ile shetani mwenyewe alisimama pembeni ananishangaa. Jina langu usilitie gazetini, ingawa hapa kwetu, kandokando ya barabara ya Lindi, hata mbuzi wanalijua. Nalificha kwa ajili ya mtoto.

Mimi ni Mmwera, nina mkahawa wa chai na vitumbua mbele ya skuli. Kwetu sisi baba huzaa, lakini mjomba ndiye anayeulizwa. Mtoto akiumwa, mjomba. Mtoto akiiba embe, mjomba. Mimi naulizwa juu ya mtoto wa dada yangu, ambaye hapa nitamwita Issa.

Issa alikuwa darasa la nne, na darasa la nne lina mtihani wake, na mtihani una kizingiti: alama sitini. Ukifika sitini unapanda lori kwenda skuli ya bweni ya serikali mjini, unapewa blanketi na kaptura mbili, na mbele ya safari unakuwa karani au mganga. Ukipata hamsini na tisa unarudi shambani kufukuza ngedere. Wala hakuna kurudia, maana umri wa Issa ulikuwa ukingoni. Dada yangu alifunga Jumatatu na Alhamisi, akiomba hizo sitini kama watu waombavyo mvua.

Mimi, Mungu anisamehe, sikumwona Issa kuwa mtoto wa sitini. Ukimtuma chumvi anarudi na swali. Ukimwambia aangalie maziwa yasifurike, anayaangalia kwelikweli, yanafurika mbele ya macho yake, kisha anakuuliza kwa nini maji hayafanyi vile. Nilimpenda, lakini moyoni nilikuwa nimekwisha mpigia hesabu ya jembe.

Basi siku moja kabla ya mtihani likaja lori kutoka Lindi, akashuka mwalimu msimamizi, mrefu, mwenye viatu vinavyong'aa, amekumbatia sanduku la bati. Sanduku lina kufuli, na juu ya kufuli lakiri nyekundu, ile nta ya muhuri wa serikali. Ndani mna karatasi za mtihani. Akaingia mkahawani kwangu, akaliweka sanduku mapajani, akaagiza chai.

"Mwenyeji wa wapi, Mwalimu?" nikamwuliza.

"Songea. Mngoni."

Aa, Bwana Mhariri, nikaweka birika chini! Asiyejua mambo ya huku nimweleze. Wangoni waliwapiga vita babu zetu, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mtani wako akikutukana unacheka. Akichukua kuku wako unamfungia na kamba. Mali yake yako, mali yako yake, na mwenye kukasirika ndiye mkosa adabu.

"Kumbe wewe ndiwe uliyekula ng'ombe wa babu yangu," nikamwambia.

"Ng'ombe gani? Babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka baharini. Asingekuwa ametosheka, leo ungekuwa unauza vitumbua kwa samaki."

Watu wakacheka. Akala sahani tatu asilipe. Akavua kofia yangu kichwani akaivaa yeye. Alipotoka akamkamata jogoo wangu mwekundu, akamfunga juu ya sanduku la serikali, akaondoka naye kwenda kulala nyumbani kwa mwalimu mkuu. Nilifurahi sana. Mtani akikuchukulia jogoo amekufungulia mlango.

Alfajiri, nikiwa nakanda unga, ndipo wazo likanijia. Nililiona zuri mno, na hadi leo sijui lilitoka wapi. Nilijiambia hivi. Alama anazo nani? Anazo mwalimu, ndiye anayezitoa. Mwalimu ni nani? Mtani wangu. Na mali ya mtani? Jibu unalijua.

Laiti mafuta ya vitumbua yangeniunguza.

Jua lilipopanda, watoto wakapangwa mistari uwanjani, wamepakwa mafuta, kila mmoja na penseli yake. Mtani wangu akatua sanduku kwenye benchi, akamfungua jogoo, akainama kunawa uso. Nikalinyakua, nikalitwika kichwani, nikatimua mbio kuizunguka skuli.

"Sanduku la Mngoni nimeliteka!"

Watoto wakapiga kelele za furaha. Akina mama wa sokoni wakaja na vigelegele. Mtani wangu naye, kwa kuwa ni mtu wa heshima na anajua mila, hakukasirika. Alinifukuza raundi mbili, viatu vikamshinda, akabaki anacheka na kuhema. Nikafika chini ya mlingoti wa bendera, nikaliweka sanduku, nikalikalia.

"Haya, komboa."

"Chukua jogoo wako."

"Jogoo ni wako, nimekupa. Nataka alama."

"Alama gani?"

"Sitini. Za mpwa wangu, Issa. Ukimpa sitini nanyanyuka. Usipompa, mtihani wenu mtaufanyia chini ya makalio yangu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja hakucheka. Issa alikuwa mstari wa mbele, ameshika penseli yake kwa mikono miwili, ananitazama. Nilimwona. Nikageuza uso.

Hapo Bibi mmoja wa Kimwera, muuza mihogo, akaona utani umelala, akauamsha. Akatandika mkeka, akamkamata mtani wangu mkono, akamlaza. "Huyu Mngoni amekufa kwa ubahili," akasema. "Tumlilie." Wakamfunika kanga mpaka kidevuni, wakaanza kumlilia kwa sauti, wakimsifu jinsi alivyokuwa mwizi wa ng'ombe na mla bure. Ndivyo tunavyofanya, na marehemu wa namna hiyo hutakiwa atulie. Mtani wangu akatulia, amefumba macho, jogoo amesimama kifuani pake.

Hivyo ndivyo Bwana Mkaguzi wa Elimu alivyotukuta.

Motokaa yake ilisimama, akateremka Mzungu mwembamba mwenye soksi ndefu. Akatazama. Msimamizi wake wa mtihani amelazwa mkekani analiliwa. Karatasi zake zimekaliwa na muuza vitumbua. Watahiniwa wake wanatafuna mihogo ya matanga.

"Amekufa?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kusoma.

"Hajafa, Bwana," nikajibu. "Ni Mngoni."

Mtani wangu akaruka kutoka mkekani na kanga shingoni. Mwalimu mkuu akaja mbio kueleza. Alieleza vita vya zamani, alieleza mazishi, alieleza kuku. Bwana Mkaguzi alisikiliza, na alielewa kila neno. Jambo lenyewe ndilo hakulielewa.

"Na huyu anadai nini?"

Hata Bibi wa mihogo alitazama chini. Nikajibu mwenyewe, maana nilidhani ukweli utanisaidia. "Alama sitini, Bwana. Kwa utani tu."

Akaniamuru ninyanyuke. Nikanyanyuka. Kufuli lilikuwa zima, lakini lakiri ya serikali ilikuwa imepasuka vipande viwili, kimoja kimenasa kwenye kikoi changu. Nilimwona akikitazama kile kipande nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaogopa.

Bwana Mkaguzi alikaa ndani ya motokaa yake kitambo, kisha akatoa hukumu. Mtihani utafanyika, kwa kuwa hakuna karatasi nyingine. Lakini lakiri imevunjika, kwa hiyo huenda watoto wa skuli hii wameona maswali. Mtoto aliyeona maswali hupata alama zaidi ya haki yake. Basi, ili haki iwepo, skuli zote jimboni zitabaki na kizingiti cha sitini, na skuli yetu peke yake itakuwa na themanini.

Mwalimu mkuu akamwambia kwa adabu, "Bwana, sanduku halikufunguliwa. Kufuli ni hili, na ufunguo unao wewe."

"Ndiyo maana sikuweka mia," akasema Bwana Mkaguzi.

Watoto wakaingia darasani. Mimi nikachukuliwa na askari hadi barazani kwa Liwali. Liwali ni mtu wa pwani, mambo haya anayajua tangu utotoni. Akauliza, "Mngoni amekasirika?" Askari akasema la. "Mwenye skuli amekasirika?" La. "Sasa mshtaki ni nani?" Askari akafikiri, akasema mshtaki ni sanduku. Liwali akajifuta machozi ya kucheka, kisha akakumbuka mshahara wake unatoka wapi, akanipa kufyeka nyasi za boma mpaka atakapochoka kuniona. Nilifyeka kwa moyo mweupe. Nilidhani adhabu yangu ni ile.

Matokeo yakaja. Mwalimu mkuu aliyasoma palepale chini ya mlingoti. Alama thelathini, arobaini na moja, hamsini. Akafika kwa Issa, akavua miwani akaivaa tena.

"Sabini na sita."

Bwana Mhariri, sabini na sita! Skuli yetu haijapata kuona alama hizo. Mtoto wa yale maziwa yanayofurika. Nilitaka kuruka, nikakumbuka kizingiti chetu ni ngapi.

Mwalimu mkuu alikwenda Lindi kumlilia hali Bwana Mkaguzi. Akamwambia, kama watoto waliona maswali, mbona wengi wamepata thelathini? Akajibiwa kwamba hao bila shaka walikuwa mbali na sanduku. Akamwambia kwamba Issa ni mtoto mwenye akili za kweli. Akajibiwa kwamba mtoto mwenye akili za kweli angepata themanini.

Asubuhi lori lilipopita kuchukua waliochaguliwa, lilisimama mbele ya mkahawa wangu kutia maji kwenye injini. Juu yake alikaa mtoto wa skuli ya Mchinga aliyepata sitini na mbili, na blanketi jipya mabegani ingawa kulikuwa na joto la kukaanga mtu. Issa ndiye aliyebeba debe la maji. Akamiminia injini, akarudi, akaliweka debe mahali pake.

Dada yangu hakunigombeza. Aliacha tu kuniita kaka. Siku hizi husema "mwenye mkahawa".

Mtani wangu naye lilimpata. Alihamishwa, akapelekwa bara mbali huko Liwale kufundisha darasa la kwanza. Siku ya kupita alishuka kwangu kunywa chai. Nikamwona, nikajitia uchangamfu, nikamwambia, "Karibu, mla ng'ombe, leo unachukua kuku gani?" Alikunywa chai yake yote. Akaitoa ile kofia yangu mfukoni, akaikunjua, akaiweka juu ya meza. Kisha akalipa.

Nilimwambia, "Mtani, usinifanyie hivyo."

"Chukua tu, ndugu yangu," akasema. "Wewe ni mfanyabiashara."

Asiye wa huku hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Angenipiga kofi ningeshukuru. Mtani akikulipa chai, amekuzika, na safari hii hakuna anayecheka mazishini.

Lakini hata hilo silo lililonifanya nikuandikie. Juzi tu, Issa alikuwa ananisaidia kuchoma vitumbua. Anachoma vizuri, vyote sawasawa, haunguzi hata kimoja. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mjomba, siku ile ulimwomba sitini. Ulidhani mimi mwenyewe sitazifikia?"

Nikacheka. Nikamwambia, "We mtoto, ule ulikuwa utani tu."

Akaitikia, "Haya, Mjomba," akageuza kitumbua.

Ule haukuwa utani. Nimemwambia Bwana Mkaguzi utani, nimemwambia Liwali utani, nimemwambia dada yangu utani, na sasa nimemwambia na mtoto. Ukweli ni kwamba nilikuwa naomba. Nilijifunika mila ya babu zangu ili nimwombee mtoto kitu alichokuwa nacho tayari kichwani, kwa sababu sikumwamini. Na nilipomwona pale mstarini, na penseli yake mikononi, nilijua kuwa ameelewa, na bado sikunyanyuka.

Ndugu zangu wajomba, na nyinyi mnaoulizwa juu ya watoto wa watu, taniani mpendavyo. Chukuaneni kuku, lilianeni mikekani. Lakini siku ya mtihani kaeni majumbani mwenu, mkalie viti vyenu wenyewe. Huyo mtoto mnayemwona mzito, mwacheni aingie akajibu. Na akija kuwauliza kama mlimwamini, msimdanganye kama mimi. Mimi gazeti hili nitalitundika ukutani mkahawani, palepale juu ya karai la vitumbua, kwa sababu kumwambia kwa mdomo nimeshindwa, na kusoma anajua.