Jozi ya Nne

Wilf Luscombe alikuwa mtu wa kujificha jikoni. Kila kukiwa na dansi kwenye ukumbi wa kijiji utamkuta kule nyuma, anasuuza vikombe ambavyo hakuna aliyemwomba avisuuze, na watu walishamzoea. Lakini siku ya arusi ya binti yako, utajificha wapi? Hazel alimfuata hukohuko, shela limekaa upande, akamnyang'anya kitambaa.

"Baba, acha vikombe. Dansi ya kwanza ni yangu na wewe."

"Miguu yangu, mwanangu..."

"Miguu inayofukuzana na ng'ombe kutwa nzima! Twende, usinitie aibu."

Ikabidi aende. Wanaume safu moja, wanawake safu ya pili, wametazamana, jozi nane. Hazel na babake wakawekwa juu kabisa, mwanzo wa safu. Beryl, mwita hatua, mama mwenye sauti ya kufukuzia kunguru, akapanda juu ya sanduku akatangaza kwamba leo ni ile rahisi, ya wasiojua. Jozi mbili mnashikana mikono katikati, mnazunguka. Kisha kila mwanamume anamzungusha mwanamke wa jozi ile nyingine kwa mikono yote miwili. Halafu mnapishana. Wa juu wanashuka, wa chini wanapanda.

"Na hakuna kukwepana!" akacheka Beryl. "Aliye mbele yako ndiye wako!"

Wilf akatupa jicho chini ya safu. Moyo ukamlipuka, paa! Enid Chugg alikuwa mwisho kabisa, kashikwa mkono na mzee Perce wa posta. Nusu ya jozi zilikuwa za kushuka kama yake, kwa hiyo akahesabu zile tu zitakazopanda kukutana naye. Enid alikuwa wa nne.

Jamani, huyu mtu alikuwa na haki ya kuogopa. Miaka tisa nyuma alimwazima Stan, mume wa Enid, trekta lake avunie nyasi kwenye lile shamba la mteremko. Breki zilikuwa hazishiki vizuri. Wilf alijua. Alikuwa amepanga kuzitengeneza Jumamosi, akaona haya kusema kwamba trekta lake bovu, akanyamaza tu. Stan akapinduka nalo, akafa palepale. Walipokuja watu wa kuuliza maswali, Wilf aliapa kwamba breki zilikuwa nzima. Tangu hapo, akimwona Enid barabarani anavuka ng'ambo, na Enid naye anageuza uso. Kwa Wilf, uso ule ulikuwa na maana moja tu: anajua. Na leo, mbele ya kijiji kizima, mbele ya Hazel, atamnyooshea mikono, na yule mama atairudisha yake nyuma na kusema kwa nini.

Kodiani ikaanza. Jozi ya kwanza ilikuwa shangazi yake bwana arusi na mumewe. Wilf alizunguka kama gogo.

"Tabasamu basi, Baba! Watu watadhani nimekufunga kamba."

Jozi ya pili. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni. Aliomba uzi wa fidla ukatike, aliomba mtu ateguke mguu, hata yeye mwenyewe. Jozi ya tatu, msichana fulani akamkanyaga na kuomba radhi, wala hakumsikia. Alikuwa anasikia sauti ya Perce tu, hapo karibu, akijisifia magoti yake.

Wakafika. Mikono minne katikati, zunguka. Kisha Beryl akapiga kelele, "Mikono miwili!" na Wilf akanyoosha yake.

Enid akaishika. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Wilf," akasema upesi, midomo haichezi, "acha nikwambie leo, la sivyo sitakwambia tena. Stan alikuja nyumbani asubuhi ile, akasema breki zinateleza. Mimi ndiye niliyemwambia aende hivyohivyo, mvua inakuja, nyasi zitaoza. Wewe ukaapa zilikuwa nzima, nikaona wewe ulisema kwa dhati ulichokijua, na mimi ndiye ninayeficha. Kila nikikuona naogopa utaniuliza Stan alisema nini asubuhi ile."

Walizunguka mara moja, mara ya pili. Wilf alitaka kulia. Zilibaki hatua chache tu apishane naye, ashuke na binti yake, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Enid mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango.

"Pishaneni!" akaita Beryl.

Wilf hakupishana. Jozi iliyokuwa ikishuka nyuma yake ikamgonga mgongoni, Hazel akamvuta koti, "Baba, vipi? Songa!"

"Nilijua, Enid," akasema. "Kabla sijampa. Nilijua."

Kodiani ilikuwa bado inaendelea. Enid alimkazia macho, wala mikono hakuiachia, bali aliibana mpaka ikamuuma, na Wilf akabaki amesimama pale asijue kama amesamehewa au amekamatwa.