Bekoni Kwenye Karai la Jirani

Mimi si mtu wa kusema. Hata darasani, mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, nainama najifanya nafunga kamba ya kiatu. Ndiyo maana naandika. Na hili la bekoni naliandika kwa sababu siku hiyo, walau mara moja, nilisema.

Ilikuwa likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha pili. Mama alikuwa mpishi wa familia moja ya wazungu kule Milimani. Walipofunga mizigo kurudi kwao walimpa vitu vilivyobaki kwenye friji yao: siagi nusu, chupa ya jamu na pakiti moja ya bekoni, ile nyama ya nguruwe ya vipande vyembamba. Sisi kwetu Kaloleni hatukuwa na friji. Asubuhi, kabla hajaenda kuwamalizia usafi, Mama aliniachia maagizo akiwa mlangoni.

"Ipike leo, isiharibike. Usitie mafuta, ina yake. Moto uwe mdogo. Ukisikia inalia sana, ujue umeharakisha."

Nilianza na vipande viwili kwenye sufuria yetu nyembamba, makaa yakiwa yamekolea. Vilijikunja, pembeni vikaungua, katikati vikabaki laini kama sikio. Mdogo wangu wa darasa la tatu alionja akatema.

"Hii ndiyo wazungu wanakula? Woi, pole yao!"

Nikaona hapa panatakiwa chuma kizito. Na kizito kilikuwepo, chini ya meza: karai jeusi tulilokaangia samaki, ngege, jana yake. Nikatoa makaa nusu, nikapanga vipande karai likiwa bado baridi. Polepole mafuta yakaanza kutoka yenyewe, nyama ikasinyaa, ikawa kahawia. Nikageuza kwa uma, nikavitoa nikaviweka juu ya karatasi ya sukari. Nilipouma kimoja kilivunjika kwa mlio. Sijawahi kujivunia kitu nilichopika kama siku hiyo.

Mdogo wangu naye akala kimoja, akalamba vidole, kisha akaangalia jikoni. "Lakini si hiyo karai ni ya Mama wa bhajia?"

Nikaweka uma chini.

Mama wa bhajia ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ni Mwislamu, na wateja wake wengi ni watu wa msikitini. Karai lake lilikuwa likilala kwetu mara nyingi hata tukasahau si letu. Mama yetu alipolazwa mwaka uliotangulia, ni kwenye karai hilo alitupikia wiki mbili nzima. Na sasa nilikuwa nimelikaangia nguruwe, na alasiri angelihitaji.

Mdogo wangu akanong'ona, "Lisugue na jivu urudishe tu. Atajuaje?"

Kusema kweli, nilichukua jivu. Nilisugua mpaka likang'aa. Lakini nilimwaza Mama wa bhajia akila bhajia ya kwanza, maana huwa anaonja mwenyewe, nikashindwa.

Nilimkuta anamenya viazi. Nikasimama, karai mkononi.

"Nyathina, mwanangu, mbona umesimama kama askari? Lete."

"Mama, usilishike." Machozi yakatangulia. "Nimelipikia nyama ya nguruwe. Nilisahau ni lako."

Kisu kilisimama. "Astaghfirullah!" Akakiweka juu ya viazi. "Nani amekutuma uniambie?"

"Hakuna. Mama yuko kazini."

Akashusha pumzi. "Haya, kachote udongo safi kule nyuma. Litaoshwa mara saba, ya kwanza kwa udongo. Na utaosha wewe, mimi nitahesabu."

Tukakaa kwenye bomba, mimi nikisugua, yeye kwenye kigoda akihesabu kwa sauti. Tulipofika ya tano mteja akamwita akiuliza bhajia ziko wapi. Akamjibu, kisha akanigeukia.

"Tulikuwa ya ngapi?"

"Ya tano, Mama."

"Ungeweza kuniambia ya sita." Akacheka hadi kigoda kikayumba. "Wewe kweli hujui kudanganya. Osha."

Baada ya ya saba alilipokea mwenyewe kwa mikono yake miwili, akaliweka jikoni, akamimina mafuta. Nikageuka niondoke.

"Ngoja. Hiyo kitu yenu, ilikauka vizuri?"

"Ilikauka, Mama."

"Basi nenda ukale kabla mdogo wako hajamaliza. Na kesho ukipata samaki, njoo uchukue karai. Samaki, umesikia?"

Nilimshukuru, "Ero kamano," kwa sauti ambayo hata majirani wa ng'ambo waliisikia. Nyumbani nilikuta vipande viwili. Nilikula kimoja, cha pili nikamfunikia Mama. Kesho yake asubuhi tulipata samaki, nikaenda kuchukua karai, na sikusimama kama askari. Nilibisha hodi.