Wote walitaka kuwa majini, uzimwi wakaniachia mimi mgeni

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, wengine marahaba hata kama hamjaniamkia. Haya nimeyapitia mwenyewe, chumvi sijatia.

Juzi mjukuu wangu na wenzake walikuwa sebuleni na lile game la mezani, kila mmoja anachagua awe kiumbe gani. Wote wanagombania wale warembo wenye masikio marefu. Zimwi hakuna anayelitaka. Nikacheka peke yangu.

Sisi tulicheza hivyo hivyo Kwaluguru, enzi za vijiji vya ujamaa. Ramani tunachora mchangani, bahati tunarusha kizibo cha soda. Kila mtoto anataka kuwa jini. Jini anaruka, ana dhahabu, nani hataki?

Sisi tulihamia pale kutoka kambi ya mkonge Ngombezi. Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mkonge, kwao Kigoma. Mama kila siku analalamika: kambini tulikuwa na watani, hapa hatuna ndugu wala mtani, siku ya msiba nani atatuchekesha?

Basi uzimwi nikapewa mimi, mgeni. Kila siku nafukuzwa, nauawa, narudi nyumbani nalia. Msinicheke.

Aliyekuwa anatuendeshea mchezo ni Mwanahamisi, binti wa Kizigua. Siku moja akachoka kuniona nimenuna. Akafuta ramani kwa mguu, akatoa sheria mpya: mazimwi na majini ni watani. Mtani akiingia kwako anabeba chakula chako, anakutania atakavyo, na huruhusiwi kukasirika. Ila abakize nusu, maana zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Weee! Kesho yake wote wanataka uzimwi. Nikagoma kuuachia.

Miaka michache baadaye baba akafariki. Ndugu wa Kigoma wako mbali, barua hata haijafika. Majirani walikuja, wakachimba kaburi, Mungu awabariki. Lakini mama kajikunja kwenye mkeka, hataki kula.

Mara Mwanahamisi akaingia na wenzetu wote wa ule mchezo. Akapita moja kwa moja jikoni, akatoka na sufuria ya maharage, akasimama mbele ya mama.

"Baba Zimwi kaondoka bila kutuaga sisi majini? Maharage yake tunabeba. Nusu tunakuachia wewe, na uyale."

Mama akainua kichwa. Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe tuna watani," akasema. Akanawa mikono, akala.

Mwanahamisi, popote ulipo, ahsante sana dada yangu. Nimezeeka na bado nakushukuru.

Nilichojifunza: mgeni akija, usimpe tu kile mlichokikataa wengine. Mfanye mtani.

Haya, nyie utotoni mlikuwa nani? Kama kuna zimwi mwenzangu humu ajitokeze, majini wakae kimya kwanza.