Saruji Ina Kiu

Watu walimwita Mama Zege, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ufundi wa uashi aliupata kwa marehemu mumewe: alianza kwa kumkorogea udongo, akaishia kushika mwiko. Basi mhandisi wa maji alipoleta kijijini mchoro wa tangi la majaribio, la kuvuna mvua kutoka kwenye bati la zahanati, aliyeitwa ni yeye.

Tangi la kwanza lilipendeza macho: waya wa kuku umezungushwa kama kikapu, plasta nyororo ndani na nje. Lakini saruji mbichi ina kiu. Lazima imwagiwe maji asubuhi na jioni hadi ikomae, na kisima kiko bondeni, kupanda na ndoo ni kazi ya punda. Wanawake walichota mwanzoni, kisha wakachoka.

"Watoto wetu hawajaoga, sisi tunauogesha ukuta!" wifi yake alisema, na ndoo zikakoma kuja.

Mama Zege hakubishana. Mgongo wake ulishaanza kumuuma, na moyoni aliona afadhali apumzike. Mvua ya kwanza iliponyesha, tangi likapasuka toka juu hadi chini, maji yakaenda zake.

Mhandisi alipitisha kidole kwenye ufa. "Tujenge upya, au nipeleke mradi kwingine?"

"Unaniuliza kama nimechoka, au kama nitaweza?"

"Yote mawili."

"Kuchoka, nimechoka. Nyundo iko wapi?"

Akalibomoa, akaanza tena. Safari hii alichota maji mwenyewe. Alirudi nyumbani mabega yamekufa ganzi, akala kidogo, akalala akiwa na saruji kwenye kucha. Asubuhi moja alimkuta mama mkwe wake njiani, amebeba birika la maji, anahema.

"Mama, rudi! Utateleza."

"Wewe ukilazwa kitandani, nani atanipikia? Twende tukaunyweshe huo ukuta wako, tumalize."

Wifi alimwona mama yake mzazi akipanda kilima na birika. Alimpokea, akarudi kuchukua ndoo, na jioni wenzake wakamfuata, wakinung'unika njia nzima.

Masika yalipokuja, tangi lilijaa. Chini lilivuja jasho kidogo, ila lilishika. Muuguzi alikinga kikombe, watu wakapiga vigelegele. Mama Zege alikaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, akingoja furaha imfikie. Aliusikia tu uzito wa mikono yake.

"Limekubali," mhandisi alisema. "Shule nao wanataka la kwao. Na watu wa mtaa wa juu."

"Waambie waje kujifunza kukoroga. Mimi sina mikono kumi."

"Utaanza lini kuwafundisha?"

"Mwili ndio utasema."

Akaenda nyumbani, akalala mchana kweupe na viatu miguuni. Mama mkwe akavivua polepole, akafunga mlango, akawafukuza kuku uani wasije wakamwamsha.